Maswali ya Wafugaji: Ng'ombe Asiyeshika Mimba, Kuku Waliokufa Baada ya Chanjo na Silaji Iliyoota Ukungu

Karibu kila barua ya safari hii inaomba jina la dawa. Tumezisoma kwa makini, na katika nyingi tatizo ni muda: kazi ilifanyika, tena kwa moyo, ila ilichelewa. Ndiyo maana majibu yetu yana saa na tarehe nyingi kuliko majina ya dawa.

Shikamooni. Nina ng'ombe mmoja, chotara wa Friesian, anakaa bandani muda wote. Alizaa mwezi wa tatu. Amepandishwa kwa mrija wa mbegu mara nne na kila mara joto linarudi. Nikimsikia analia asubuhi nampigia mpandishaji, naye hufika kesho yake mchana kwa kuwa ana vijiji vingi. Kuna dawa ya kumfanya ashike? – Mfugaji, Tukuyu, Rungwe

Marahaba. Tuanze na saa, maana barua yako imeshataja chanzo ambacho tungekishuku kwanza.

Joto lenyewe, yaani ule muda ambao ng'ombe husimama akubali kupandwa, hukaa saa 12 hadi 18 hivi, na kwa ng'ombe wengi wa kisasa huwa fupi zaidi. Yai hutoka kati ya saa 24 na 30 tangu joto lianze, na likishatoka halidumu: baada ya saa 6 hadi 12 halifai tena. Mbegu nazo zinahitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla ya kuwa tayari. Kwa hiyo kanuni ni hii: aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyohiyo, aliyeonekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Wewe ukimwona saa 12 asubuhi ya Jumatatu na mpandishaji akafika saa 8 mchana wa Jumanne, zimeshapita saa 32. Tena hizo ni tangu ulipomwona wewe. Huenda alianza usiku.

Hapo ndipo penye ugumu kwa mwenye ng'ombe mmoja. Hakuna mwenzake wa kumpanda, hivyo huoni ile dalili ya uhakika. Kulia si dalili ya kutegemea peke yake. Ng'ombe hulia hata kwa njaa. Inua mkia uangalie. Uke huvimba kidogo na kuwa mwekundu ndani, na hutoka ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai bila kukatika. Mara nyingi utaukuta umekauka kwenye mkia au kwenye mapaja ya nyuma. Siku hiyo maziwa hupungua ghafla, hamu ya kula hupungua, hatulii. Mchunguze mara 3 kwa siku, kila mara angalau dakika 20: alfajiri kabla ya kukamua, jioni, na usiku kabla hujalala. Ya usiku ndiyo watu wengi huiacha, na joto jingi huanza usiku. Kama sakafu yako ni ya saruji laini, ikwaruze au tandika maranda, kwa sababu ng'ombe anayeogopa kuteleza hujizuia asionyeshe chochote.

Ukiona damu kidogo kwenye mkia, usimwite mpandishaji. Damu hiyo hutoka siku 2 au 3 baada ya joto. Maana yake umeshachelewa. Ila ina faida: iandike kwenye kalenda, kisha hesabu siku 18 mbele. Mzunguko ni wa siku 21, lakini kuanzia 18 hadi 24 ni kawaida. Mpandishaji wako mwambie tarehe hizo siku 3 kabla, apange ratiba yake ya vijiji akijua kuwa wakati wowote utampigia. Kumpigia simu joto likiwa tayari limeanza, kwa mtu mwenye eneo kubwa, ni kujipangia kuchelewa.

Siku akifika, una haki ya kutazama. Mirija ya mbegu huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukitolewa, mrija huingizwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 40 hivi, ukaushwe, utumike ndani ya dakika chache. Anayeuyeyusha mfukoni au kwa maji ya moto aliyokisia kwa kidole anaua mbegu kabla hazijaingia. Mtayarishie maji ya vuguvugu na mwombe apime kwa kipimajoto. Hiyo si dharau. Ni pesa yako na ni miezi ya ng'ombe wako.

Kuna sababu mbili nyingine za kuangalia. Ya kwanza ni mwili: ng'ombe anayekamuliwa huku mbavu na mifupa ya nyonga imechomoza hutumia alicho nacho kwenye maziwa, na kizazi hulala. Mpe chumvi ya madini, gramu 100 hivi kwa siku ndani ya pumba, na ongeza pumba na mashudu kidogokidogo, si kwa siku moja. Ya pili ni kizazi kichafu. Ute ukiwa na rangi ya maziwa au usaha, au kama alipozaa kondo la nyuma lilichelewa kutoka, usimpandishe tena mpaka daktari wa mifugo ampime. Hata bila dalili hizo, ameshapandishwa mara nne, na kwa kawaida baada ya mara tatu kizazi kinatakiwa kupimwa. Usikimbilie dume la jirani usilojua historia yake; huko ndiko yanakotoka magonjwa ya uzazi, pamoja na ule wa kutupa mimba, ambao binadamu pia huupata.

Akipita siku 24 tangu kupandishwa bila joto, usishangilie bado. Apimwe mimba kwa mkono baada ya miezi 2 hadi 3.

Nilichanja kuku wangu 40 dhidi ya mdondo kwa maji ya kunywa, baada ya kuku wa jirani kuanza kufa. Ndani ya wiki moja wamekufa 31. Je, chanjo ilikuwa feki? – Mama mfugaji, Iramba, Singida

Pole sana, mama. Kuku 31 ni ada ya shule na ni kitoweo cha nyumba.

Chanjo inaweza kuwa ilikuwa nzima kabisa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hukaa mwilini siku kadhaa kabla kuku hajaonyesha chochote, na chanjo huhitaji kati ya wiki 1 na 2 ili kinga ijengeke. Kuku wa jirani wanapoanza kufa, wako wanaochanganyika nao jalalani wana uwezekano mkubwa wa kuwa wameshaambukizwa. Chanjo haitibu. Mdondo hauna tiba kabisa, na anayekuuzia dawa ya kuuponya anakulia pesa.

Kuhusu maji ya kunywa: njia hiyo inakubalika, lakini kwa kuku wa kienyeji wanaozurura ni dhaifu. Mmoja atakunywa sana, mwingine atakunywa dimbwini. Maji ya bomba yenye klorini huua chanjo, na chombo kilichooshwa kwa sabuni pia. Tunashauri tone la jicho. Chanjo ya aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na imekusudiwa hasa kwa kuku wa vijijini. Kustahimili joto hakumaanishi kuiweka juani: ibebe ndani ya kitambaa chenye unyevu au chombo chenye barafu, na ukishaifungua na kuichanganya imalize siku hiyohiyo.

Wakamate jioni wakishaingia bandani, au alfajiri kabla hujafungua. Mtu mmoja ashike kuku kwa ubavu, jicho likitazama juu. Shika kichupa wima kabisa, mdomo chini. Kikilala matone huwa madogo na kuku hapati dozi kamili. Dondosha tone 1 kwenye jicho 1, ngoja apepese tone lienee, ndipo umwachie. Dozi ni hiyohiyo kwa kifaranga na kwa jogoo. Aliyekwishaanza kuumwa muache.

Rudia kila baada ya miezi 3, kwa sababu kinga hushuka na kila mara kuna vifaranga wapya ambao hawajawahi kuchanjwa. Ukichagua Januari, Aprili, Julai na Oktoba hutasahau. Kwa kuwa kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko ulio nao, changeni na majirani watatu au wanne mchanje siku moja. Ukichanja peke yako katikati ya kuku wasiochanjwa, ugonjwa unabaki mlangoni.

Jambo moja zaidi. Hukueleza dalili. Kinyesi cha kijani, mabawa kushuka, kuhema kwa shida na shingo kupinda huelekeza kwenye mdondo, ila homa ya matumbo ya kuku na kipindupindu cha kuku navyo huua kwa kasi, na hivyo vina dawa. Akifa mwingine, mfunge ndani ya mifuko miwili, mpoze bila kumgandisha, na muulize afisa mifugo wa kata namna ya kumfikisha maabara ya mifugo siku hiyohiyo. Wengine waliokufa wachome au wazike kwa kina mbwa asipofukua. Usiuze waliobaki mnadani, hata kwa bei ya hasara. Kwa njia hiyo ndivyo mdondo unavyovuka kutoka kijiji hadi kijiji.

Maziwa ya mbuzi wangu yananuka beberu, watoto wamekataa kunywa. – Mgeta, Morogoro

Mtoe beberu. Wilaya yenu ina mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway tangu miaka ya 1980, kwa hiyo majirani wenye uzoefu hawakosekani, na watakuambia hivyohivyo. Harufu ya beberu hushika manyoya ya jike, mikono ya mkamuaji na maziwa yakiwa bado ya moto. Banda lake liwe mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwa majike. Jike apelekwe kwake akiwa kwenye joto tu, kisha arudi. Kamulia nje ya banda la kulala, chuja mara moja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, na zamisha chombo kwenye maji baridi. Harufu ikibaki baada ya wiki moja, chunguza kiwele.

Mama mkwe anasema dang'a la kwanza limwagwe kwa sababu linaharisha ndama. Ng'ombe wetu anazaa mwezi ujao. Nimwambieje? – Marangu, Kilimanjaro

Mwambie kwa heshima kwamba aliona kuharisha kweli, ila chanzo ni kingine. Ndama huzaliwa bila kinga yoyote, kwa kuwa kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga kutoka kwa mama. Kinga yote imo kwenye dang'a, na utumbo wa ndama huipitisha kwenda kwenye damu kwa saa chache tu. Ikifika saa 24 mlango umefungwa. Ndama wa kilo 30 anywe lita 3 ndani ya saa 12, na angalau nusu yake apate ndani ya saa 2 za kwanza. Osha chuchu kwanza. Chovya kitovu kwenye iodini mara tu anapozaliwa, kwani uchafu wa sakafu huingia hapo. Asipoweza kunyonya, tumia chupa yenye chuchu. Kummiminia kwa nguvu hupeleka maziwa kwenye mapafu.

Kuharisha kunakokuja baadaye husababishwa zaidi na ndoo isiyooshwa, maziwa yaliyopoa, au kumnywesha mengi kwa mkupuo mmoja. Mwombe mama mkwe asimamie usafi wa hiyo ndoo.

Silaji yangu ya mabingobingo kwenye mifuko ya nailoni imeota ukungu, na chini imekuwa nyeusi inayonuka vibaya. Naweza kumpa ng'ombe ile iliyo katikati? – Embu, Kenya

Silaji ni majani yaliyohifadhiwa kwa kuchachushwa bila hewa, na ukungu na weusi wake ni makosa mawili tofauti. Ukungu unatokana na hewa: majani hayakushindiliwa, au panya ametoboa mfuko. Weusi wenye harufu ya kuoza unatokana na maji: majani yalikatwa yakiwa teketeke au yamelowa mvua, maji yakashuka chini.

Kata mabingobingo yakiwa na urefu wa mita 1 hivi, siku ya jua, uyaache yanyauke nusu siku. Yakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3; marefu hayashindiliki. Kisha kamua konzi moja kwa nguvu. Maji yakichuruzika, yaanike zaidi. Ukifungua mkono na bonge likasambaa papo hapo, yamekauka mno. Bonge likijifungua taratibu huku kiganja kikiwa na unyevu, yako sawa. Kwa kila kilo 100 weka kilo 3 za molasi, yaani lita 2 na kidogo, iliyozimuliwa kwa maji kiasi hichohicho. Mabingobingo yana sukari kidogo, na bila sukari asidi inayohifadhi silaji haijitengenezi vya kutosha. Shindilia kwa miguu kila tabaka la kimo cha kiganja, hasa pembeni, na mfuko ujae, ubanwe na kufungwa siku hiyohiyo. Mfuko ulioachwa wazi usiku kucha umeshaharibika. Uweke kivulini, juu ya mbao, na uache siku 30 au zaidi.

Ng'ombe mmoja akila kilo 20 kwa siku, kiangazi cha siku 60 kinataka kilo 1,200. Mifuko midogo inamfaa zaidi mwenye ng'ombe mmoja kuliko mikubwa, kwa sababu ukishafungua unatakiwa kuumaliza ndani ya siku chache.

Iliyo katikati usimpe kama ukungu umepenya au kama inanuka. Ukungu unaweza kumfanya atupe mimba, na sumu yake hupita hadi kwenye maziwa mnayokunywa na kuuza. Kama kiini ni cha rangi ya kijani iliyofifia kuelekea manjano na kina harufu ya uchachu mtamu, toa unene wa kiganja kuzunguka sehemu mbovu, kisha mpe kidogo baada ya kukamua, kamwe si kabla. Iliyooza itupe kwenye shimo la mboji, mbali na kuku.