Maswali Yenu kwa Shangazi: Wanne, Mabegi Mgongoni, Safari ya India

*Shangazi, shikamoo. Tuko marafiki wanne, tumesoma pamoja tangu sekondari na sasa kila mtu ana kazi yake. Desemba tunataka kuizunguka India kwa wiki tatu, mabegi mgongoni, tukilala kwenye nyumba za wageni za bei nafuu na kupanda treni kila inapowezekana. Orodha yetu ni Delhi, Amritsar, Agra, Varanasi, Jaipur, Jaisalmer, Mumbai, Goa na Kochi. Wawili wanataka jangwa, wawili wanataka bahari. Mmoja anasema tukate tiketi zote mapema, mwingine anasema tutajua hukohuko. Hatujapanda ndege na tayari tumeanza kununiana. Tufanyeje tusirudi maadui?*
*Wanne wa Mombasa*

Marahaba, wanangu. Naanza na hiyo orodha, maana ugomvi wenu umo humo. Miji tisa kwa wiki tatu ni kufunga begi kila baada ya siku mbili. Delhi hadi Mumbai kwa reli ni karibu kilomita 1,400, na hata Rajdhani, ambayo ni treni ya haraka, huchukua kama saa 16. Jaipur hadi Jaisalmer mnakesha njiani. Varanasi hadi Goa ni kukata nchi nzima kutoka mto Ganges hadi bahari ya magharibi. Mtu asiyelala hugombana kwa vitu ambavyo nyumbani asingeviona: nani kamaliza maji ya chupa, nani kachelewa bafuni.

Kateni Kochi, muiwekee safari yake. Siku za mwanzo muwe wote wanne: Delhi, Amritsar, Agra, Varanasi. Kisha tenganeni. Wa jangwa waende Jaipur na Jaisalmer, wa bahari waende Goa, halafu mkutane Mumbai siku mliyokubaliana kabla ya kuondoka kwenu. Ila wa Goa wajue kwamba wiki ya Krismasi vyumba vya huko hupanda bei sana, kwa hiyo wakate mapema au wahesabu siku zao waiepuke.

Najua kutengana kunawatisha. Mimi nilikwenda na wenzangu watatu. Mmoja alikuwa mtu wa kuamka alfajiri na kutembea hadi jua lizame, mwingine akiingia jumba la makumbusho hatoki mpaka afukuzwe na walinzi. Tulipoachana kwa siku chache kila mtu alishusha pumzi. Tulipokutana tena tulikaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni tukisimuliana hadi usiku wa manane, jambo ambalo tulikuwa tumeacha kulifanya tulipokuwa tunaonana kutwa. Kwa hiyo siwapi ushauri wa kuokoa jahazi likishaanza kuzama. Nawaambia muuweke mwachano kwenye ratiba tangu sasa, ukiwa na tarehe yake, ili asiwepo wa kuona kwamba amekimbiwa.

Kwenye tiketi, anayesema mkate mapema ana haki kwa treni za usiku, na anayesema mtajua hukohuko ana haki kwa safari fupi za mchana. Treni za masafa marefu hujaa wiki nyingi kabla. Ukikuta tiketi imeandikwa WL, uko kwenye orodha ya kusubiri, na usihesabu kwamba una safari. Ikiandikwa RAC, unaruhusiwa kupanda lakini mtagawana kitanda kimoja cha pembeni watu wawili, mmekaa, labda hadi asubuhi. Ikiwapata, kaeni wawili mnaovumiliana kweli. Stesheni ya New Delhi ina ofisi ya watalii wa kigeni ghorofa ya kwanza, ambako huuzwa tiketi za mgao wa wageni. Nendeni na pasipoti. Njiani mtakutana na watu wenye heshima zao watakaowaambia ofisi imehamishwa au imefungwa, na kwamba wanajua wakala mzuri hapo nje. Msisimame. Pandeni ngazi mjionee wenyewe.

Desemba chukueni daraja la 3AC, yaani behewa la vitanda lenye kiyoyozi, hata kama Sleeper, la vitanda lisilo na kiyoyozi, ni nafuu zaidi. Usiku wa kaskazini ni baridi kali, madirisha ya Sleeper hayazibi upepo, na shuka na blanketi mtapewa kwenye mabehewa ya AC tu. Vitanda vimepangwa vitatu vitatu, na cha katikati kikishafunguliwa wa chini hawezi tena kuketi wima, kwa hiyo anayependa kulala mapema apewe cha juu kabisa, na begi dogo lenye pasipoti alale nalo. Mabegi makubwa huwekwa chini ya kiti cha chini na kufungwa kwa mnyororo na kufuli. Wauzaji wa minyororo hiyo mtawakuta stesheni.

Halafu kuna ukungu, na huu ndio utakaowapima. Desemba na Januari ukungu hutanda tambarare yote ya Ganges na treni huchelewa kwa masaa. Sisi ulitukamata Mughalsarai, stesheni kubwa karibu na Varanasi ambayo tangu 2018 inaitwa Pandit Deen Dayal Upadhyaya Junction. Spika ilitangaza treni yetu imechelewa saa mbili, kisha nne, kisha ikaacha kutaja saa. Jukwaa zima watu wamelala chini, wamejifunika mablanketi gubigubi mpaka kichwani. Mwenzetu mmoja akataka tukodi gari, mwingine akasema hakuna dereva mwenye akili atakayeendesha barabara haionekani. Maneno yakawa makali, yakatoka hata ya mwaka juzi. Mama mmoja aliyekaa jirani na wajukuu zake alifungua kopo la chuma lenye ghorofa tatu, akatupa kila mtu puri mbili, vile vikate vya kukaangwa, viazi vya bizari na kipande cha achari ya embe, akatuonyesha kwa mkono tule. Huwezi kugombana na mdomo umejaa achari. Treni ilikuja kulipokucha.

Funzeni mioyo yenu hivi: baada ya kila treni ya usiku, siku inayofuata isiwe na mpango wowote usioweza kuvunjika. Na ikifika saa ya kuamua jambo huku mmechoka, aamue mmoja aliyechaguliwa siku hiyo, wengine wanyamaze hadi wapate chai.

Fedha. Kila mmoja atoe kiasi sawa cha rupia kwenye mfuko wa pamoja, mtunzaji abadilike kila wiki, na mfuko ulipe chumba, bajaji, chai na maji. Mengine kila mtu na lake. Bila mfuko huo mtaishia kudaiana rupia 20 za chai, na deni dogo linauma kuliko kubwa kwa sababu mtu anaona aibu kulidai. Kusanyeni noti ndogondogo popote mnapozipata. Noti kubwa inayotembea ni ya 500, kwani ya 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023, na mwenye bajaji asubuhi hana chenji. Noti iliyochanika mkipewa irudisheni papo hapo, dukani hawataipokea. Kwa mwenye kipato kidogo kati yenu, pigeni hesabu ya viingilio mapema: Taj Mahal mgeni hulipa rupia 1,100, na 200 zaidi kuingia ndani ya kaburi lenyewe. Hufungwa Ijumaa, msije mkafika siku hiyo.

Tumbo litamshika angalau mmoja. Maji ni ya chupa yenye muhuri, barafu achaneni nayo, na chakula kiwe kile kinachotoka motoni mbele ya macho yenu, hata cha barabarani. Mkiona kibanda kina foleni ya wenyeji, foleni hiyo ni habari njema, maana chakula hakilali. Duka lolote la dawa lina pakiti za ORS, chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Mkikosa, chukueni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Chakula cha mgonjwa ni khichdi, wali uliopikwa pamoja na dengu hadi ukalainika, au wali na mtindi. Kukiwa na damu au homa kali, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Kubalianeni tangu sasa kwamba mgonjwa hakai peke yake, na mkaaji apokezane. Nimeona urafiki ukivunjika kwa sababu watatu walikwenda kuangalia machweo na kumwacha mwenzao akitapika chumbani.

Amritsar msiikate hata mkibanwa. Hekalu la Dhahabu la Masingasinga lina jiko liitwalo langar ambalo hulisha yeyote bure, usiku na mchana, tajiri na maskini wamekaa chini mstari mmoja. Mnavua viatu, mnafunika kichwa, mnaosha miguu. Mkishakula, msiondoke. Kaeni na wanaojitolea mmenye vitunguu saumu au muoshe sahani. Wale wenzangu wawili waliotupiana maneno Mughalsarai walikaa bega kwa bega kwenye karo refu, mmoja anasugua, mwingine anasuuza, kelele za sahani za chuma zimetuziba masikio, na mzee mmoja wa kilemba cha buluu anawasahihisha namna ya kuzipanga. Walitoka hapo wamelowa hadi viwikoni, wakaenda kununua lassi, kinywaji cha mtindi, wakinywa glasi moja.

Jambo la mwisho kwenu: chanjo ya homa ya manjano. India huwataka wanaotoka Kenya wawe na cheti, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, msingoje wiki ya safari.

*Shangazi, mimi ni mweusi tititi na marafiki ninaosafiri nao ni weupe kidogo, mmoja ana asili ya Kihindi. Nimesikia Waafrika hutazamwa vibaya kule. Niende?*
*Msomaji wa kike*

Nenda, mwanangu, lakini sitakuficha. Utatazamwa, na kutazama kwa kule hakuna kupepesa. Wengine wataomba kupiga picha nawe. Una haki ya kukataa kila mara. Wapo watakaokudharau wazi. Mwaka 2017 wanafunzi wa Kiafrika walishambuliwa na kundi la watu Greater Noida, karibu na Delhi, na habari hizo zilinitoa machozi. Baadhi ya nyumba za wageni zitakuambia zimejaa. Kabla ya kuhukumu, jua kwamba hoteli kule lazima iripoti kila mgeni kutoka nje ya nchi kwa fomu iitwayo C, na nyumba nyingine ndogo hazipokei kabisa wageni wa nje ya nchi kwa sababu hiyo. Piga simu kabla, uliza wazi kama wanapokea wenye pasipoti za kigeni. Wakikubali simuni kisha wakabadilika walipokuona, hapo wenzako wote wabebe mabegi muondoke pamoja. Waulize leo kama watafanya hivyo. Rafiki atakayekwambia "wewe tafuta pengine, sisi tumeshalipa" mjue kabla hujakata tiketi.

Na ukiwa huko, nenda kawatembelee watu wako. Ahmedabad kuna msikiti wa Sidi Saiyyed, wa miaka ya 1572 na 1573, uliojengwa na mtu mwenye asili ya Afrika Mashariki. Dirisha lake la jiwe limechongwa mti wenye matawi yanayosokotana, jembamba kama lesi, na ukikaa ndani alasiri mwanga unapenya matawini. Gujarat hiyohiyo, karibu na msitu wa Gir, kuna kijiji cha Jambur cha Wasidi, wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita. Na ukielekea Ellora, penye mahekalu yaliyochongwa mwambani, pita Khuldabad kwenye kaburi la Malik Ambar: alizaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani, akawa mtawala wa usultani wa Ahmadnagar kwa niaba ya masultani wake na kuwazuia Wamughali, wafalme wa kaskazini mwa India, kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 1626. Mji wa Aurangabad, ambao sasa unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar, ni yeye aliyeuanzisha. Nilisimama pale nikajisikia mwenyeji.

*Dada, binti yangu anakwenda Rishikesh na wenzake wawili wa kike. Silali. Nimwambie nini?*
*Mama wa mmoja*

Mwambie afike kila mji mpya mchana, hata kama treni ya usiku ni rahisi kupatikana. Uwanja wa ndege achukue teksi ya kulipia kabla kwenye kibanda rasmi. Kwenye Metro ya Delhi behewa la kwanza ni la wanawake, apande hilo. Rishikesh yenyewe ni mji wa ibada, nyama na pombe havipatikani, na nguo za kufunika mabega na magoti zitamfaa. Namba ya dharura ni 112, ya reli ni 139. Halafu kila akikata tiketi akutumie namba ya treni, ile ya tarakimu tano. Ukiiingiza kwenye simu utaona treni iko stesheni gani na imechelewa kiasi gani, na hutampigia saa nane za usiku kumuuliza kwa nini hajafika.