Mtoto wa pwani kuongoza watu Mlima Kenya: niliyoyaona mwenyewe

Ndugu yetu wa Malindi ameuliza mambo matatu: kama mtu aliyezaliwa ufukweni anaweza kuwa kiongozi wa wapanda mlima na mwalimu wa stadi za porini, makaratasi gani yanatakiwa, na kama kazi yenyewe inamlisha mtu. Anasema ana miaka 22, amekuwa akitembeza wageni magofu ya Gede, na nyumbani wanamwambia mlima ni wa watu wa bara. Nitamjibu kwa urefu, kwa sababu swali hilo nililibeba mwenyewe miaka mingi bila wa kuniambia.

Mimi ni wa Shela, hapa hapa Malindi. Baba alikuwa nahodha wa mashua ya uvuvi. Mlima niliujua nikiwa kidato cha tatu, kupitia Tuzo ya Rais, mpango wa vijana ulioanza Kenya mwaka 1966 na ambao bado uko katika shule nyingi. Ili upate tuzo lazima ufanye safari ya miguu, mbebe chakula chenu na kulala kwenye mahema. Mwalimu wetu akatupeleka Mlima Kenya. Leo nina miaka kumi na mmoja nikiongoza watu kule, na miezi mingine niko nyumbani nafundisha vijana Mida, Marafa na Arabuko-Sokoke.

Kuhusu mwili, wanaokutisha wanakosea. Ukifika Lenana, kilele cha Mlima Kenya kinachofikiwa kwa miguu bila kamba, mita 4,985, kila pumzi unayovuta ina oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya ufukweni kwetu, na hapo hakuna anayependelewa. Mtu wa Nanyuki ana nafuu ya kuanzia kwa kuwa mji wake uko karibu mita 1,900, lakini nimewahi kumteremsha kijana wa huko huko, mkimbiaji mzuri, anatapika njia nzima kwa sababu alipanda mbio. Mtu wa pwani anachohitaji ni siku. Ukitoka Malindi usiende moja kwa moja getini. Lala Nanyuki usiku mmoja au miwili, halafu ukifika kambi ya Old Moses lala hapo usiku wa ziada: mchana panda, jioni rudi kulala pale pale.

Mimi kilichonishinda mara ya kwanza ni baridi. Nililala na sweta mbili na kikoi, nikatetemeka mpaka asubuhi, na kosa nililijua baadaye: fulana niliyopandia ilikuwa imelowa jasho nami sikuivua. Sisi tuliozoea jasho hatulioni kama maji. Mlimani ndilo adui wa kwanza. Siku hizi kambini kitu cha kwanza ninachowaamuru watu, kabla ya chai, ni kubadilisha nguo ya ndani na soksi.

Utajifunza na mengine ambayo hukuyafikiria. Kwenye kambi ya Shipton's maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi, kwa hiyo maharagwe mabichi hayaivi hata uyapikie usiku kucha. Mpishi anayeijua kazi hupanda nayo yakiwa yameshachemshwa. Nimeswali alfajiri kwenye changarawe chini ya Lenana kwa tayamamu, maji ya chupa yameganda. Kuna aina ya lobelia inayoshika maji katikati ya majani yake. Usiku hujifunga kama ngumi, na asubuhi unakuta utando wa barafu juu ya maji na chipukizi salama ndani. Wageni wengi huipita. Mimi huwasimamisha pale, maana kusimama kuangalia jani pia ni kupumzika, na mtu mwenye kiburi hakubali kupumzika mpaka umpe sababu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, kampuni iliyonipa kazi ilikuwa imeuza safari ya siku tatu: usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300, usiku wa pili Shipton's, mita 4,200, alfajiri yake Lenana, kisha kushuka. Kanuni inayofundishwa kote ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Hapo tunaruka 900. Niliwaambia. Nikajibiwa kwamba wateja wamelipia siku tatu.

Walikuwa watu sita. Mmoja alikuwa mama wa Mombasa, mwalimu mstaafu, mkakamavu kweli kweli; siku ya pili alitangulia vijana kutwa nzima. Jioni aliacha chakula. Nikamuuliza, "Mama, kichwa vipi?" Akasema, "Hakiumi, mwanangu, nimechoka tu." Saa nane usiku tukaamka kujiandaa. Wenzake wanakunywa chai, nikamulika tochi nikamwona amekaa pembeni anahangaika na glavu. Alikuwa anaingiza mkono wa kulia kwenye glavu ya kushoto. Anaivua, anaitazama, anairudisha vile vile. Mara tatu.

Nikamtoa nje, nikachora mstari kwa kisigino kwenye changarawe, nikamwomba atembee juu yake, kisigino cha mguu huu kiguse vidole vya mguu ule. Hatua ya tatu akaenda upande kama mtu anayeshuka chomboni baada ya bahari chafu. Nikamdaka. Kichwa kuuma, chakula kukataa, uchovu usio wa kawaida, hizo ni dalili za mwanzo. Mtu hubaki alipo, hapandi tena mpaka ziishe. Lakini akipoteza mizani au akili ikachanganyikiwa, ubongo umeanza kuvimba, na hiyo huua kwa saa chache. Vivyo hivyo ukimsikia mtu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa na kutoa povu: mapafu yanajaa maji. Tiba ya yote mawili ni kushuka, tena wakati ule ule. Hakuna kungoja kupambazuke.

Msaidizi wangu aliwachukua wale watano. Mimi na mpagazi mmoja tukamshika mama huku na huku tukateremka bonde la Mackinder gizani, hatua kwa hatua, mawe yana barafu. Alilia mwanzoni, akasema nimemwibia kilele chake. Sikumjibu, nilihesabu hatua kwa sauti ili naye azifuate. Jua lilipoanza kugusa ncha za juu tulikuwa tumeshashuka sana. Akasimama bila kushikwa, akatazama mikono yake, akaniuliza, "Glavu zangu umeziweka wapi?" Sauti yake ilikuwa imerudi. Nikageuka nikatazama bonde, maana machozi yalinitoka.

Kampuni ilinikata malipo ya siku mbili kwa maelezo kwamba mteja hakufikishwa kileleni. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu waliokata ndio waliouza safari isiyo na siku ya kupumzika. Sikufanya kazi kwao tena. Ndugu yangu, ukipewa kazi, swali la kwanza liwe: usiku ni mingapi, na nani ana neno la mwisho la kuwageuza watu. Wakisita kwenye la pili, acha kazi hiyo ipite hata kama mfuko ni mtupu.

Baba yangu hakuwahi kukanyaga mlima, lakini kazi hii nilijifunza kwake. Kuna asubuhi tulifika ufukweni, nyavu zimeshapakiwa, mabaharia wamo, akatazama upande wa kusini, akasema, "Leo hatutoki." Watu wamekasirika, siku imepotea, naye haelezi sana. Huo ndio uongozi. Wageni wakija mjini kwetu hupigwa picha kwenye mnara wa Vasco da Gama, lakini mwaka 1498 kilichomfikisha Mreno yule Calicut ni rubani aliyempata hapa Malindi, aliyeijua bahari na pepo zake. Kuongoza watu pasipo njia iliyochorwa ni kazi ya kwetu ya zamani. Wanaokuambia si ya watu wa pwani wamesahau wazee wao.

Ndiyo maana vijana ninaowafundisha siwaanzishi na kamba wala hema. Nawaanzisha Mida, kwenye hori lenye mikoko, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Pale tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na tope ulilopitia ukiwa na kiatu kikavu, saa chache baadaye linapitiwa na mtumbwi. Nawapa saa ya kupwa kabisa na mahali pa kufika ng'ambo ya mikoko, kisha nawaambia wanipangie safari: watoke saa ngapi, watumie muda gani kwa kila kipande, na wakifika saa ngapi bila kuona wanakokwenda lazima wageuke. Saa hiyo ya kugeuka wanaiandika kwenye karatasi na kunikabidhi kabla hatujatia mguu kwenye tope. Wakati tunaiandika wote wako kavu, wameshiba, wana akili zao. Ikifika wakiwa wamebakisha hatua mia mbili, kila kundi hunibembeleza. "Mwalimu, si pale tu." Nawatolea karatasi yao. Tunarudi. Baada ya nusu saa nawasimamisha nchi kavu watazame maji yanavyopita pale walipotaka kwenda. Hakuna somo ninalolipenda kama hilo. Lenana nafanya vile vile: asiyefika saa moja na nusu asubuhi, tunashuka, na watu wote wanaijua saa hiyo tangu jana yake mchana.

Arabuko-Sokoke ni kwa dira na ramani. Msitu una karibu kilomita 420 za mraba, ni tambarare, na sehemu zake nyingi huoni mbele zaidi ya hatua chache. Huna kilima cha kulengea. Kijana anayeweza kushika mwelekeo mle na kuhesabu hatua zake hatapotea kwenye ukungu wa mlimani. Lakini mna tembo, kwa hiyo ingieni na mlinzi anayewajua. Marafa, kule Nyari, nafundisha kusoma ardhi: mchanga mgumu na mchanga unaomomonyoka, mkondo uliokauka ambao mvua ikinyesha mbali utakuja na maji. Huko nafundisha na joto, maana watu wetu wanalidharau kwa kulizoea. Mtu aliyeacha kutoa jasho huku ngozi inachoma na maneno yanapotea, huyo ni wa kulowanishwa maji mwili mzima na kupelekwa hospitali mbio.

Msimu hutakuwa na taabu nao, ukikumbuka pepo. Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, mlima ni mkavu; halafu Julai hadi Septemba, wakati wa kusi. Na wakati wa kusi jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini wa Batian, kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,199, ndio unaokauka na kupandwa kwa kamba. Kaskazi ikivuma jua limehamia kusini, na wapanda miamba huhamia upande wa Nelion, kilele jirani yake, mita 5,188. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, maana kalenda ya baba ilikuwa imenifuata mpaka kwenye barafu. Kamba na miamba, hata hivyo, ni elimu nyingine kabisa. Kuwa kiongozi wa Lenana hakukupi ruhusa ya kumfunga mtu kamba.

Makaratasi nitapita haraka. Unahitaji leseni ya kuongoza watalii kutoka kwa mamlaka inayosimamia utalii. Mitihani ya KPSGA, chama cha waongozaji watalii Kenya, ina daraja la shaba, fedha na dhahabu. Anza na shaba, na kwa kuwa umeshatembeza watu Gede hutaanza kutoka sifuri. Viongozi wengi wa mlimani wamo kwenye vyama vya upande wao, Naro Moru, Sirimon au Chogoria, na utaheshimika zaidi ukianza kama mpagazi kwa msimu mzima. Mimi nilibeba mizigo misimu miwili. Ila kama una pesa ya cheti kimoja tu, kiwe cha huduma ya kwanza ya porini. Kuna kozi fupi ya saa 16 hivi na kuna ile ndefu ya saa 70 hadi 80. Nenda ndefu. Huduma ya kwanza ya mjini inakufundisha kumtunza mgonjwa mpaka gari lifike; mlimani hakuna gari.

Je, inalisha? Inalisha kwa mafungu. Kuna miezi simu haikuachi, halafu Aprili na Mei mlima una mvua na Malindi haina wageni, vyote kwa pamoja. Miaka ya kwanza nilikopa kila Mei. Kilichonitoa hapo ni kufundisha: shule na vikundi vya vijana hawategemei ndege za watalii. Kwa hiyo usichague kati ya kuongoza na kufundisha, jifunze vyote tangu sasa. Na uwe na mtu nyumbani anayeelewa kwamba pesa ya Februari ndiyo chakula cha Mei. Mke wangu ndiye mweka hazina, na nisingefika mwaka wa kumi na mmoja bila yeye.

Kama bado una nia, usinunue chochote kwa sasa. Vaa viatu ulivyo navyo, vile vilivyokwisha kukuzoea mguu, na kila Jumamosi tembea kutoka mjini hadi mdomo wa Sabaki na kurudi, na mgongoni chupa nne za maji. Fanya hivyo mpaka mwezi uwe mpevu. Siku ya bamvua nitakuwa Mida na kundi la vijana wanane, nafasi ya tisa naiweka wazi. Njoo na saa ya mkononi na kalamu.