Mwani umevamia mimea kwenye tangi langu la samaki, niweke dawa gani?

SWALI: Habari zenu, naombeni msaada jamani maana nimechoka. Nina tangi la lita 80, lina mimea na samaki wadogo kama kumi hivi, huu mwezi wa tatu, na kila nikiangalia nakuta nyuzinyuzi za kijani zimejizungusha kwenye majani. Kila Jumamosi namwaga maji yote, nasugua mawe, filta naiosha kwa maji ya bomba mpaka inatakata, siku nne tu mwani umerudi. Taa nawasha nikiamka nazima nikienda kulala ili mimea ipate mwanga. Kuna dawa?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, ila dawa weka pembeni kwanza. Baadhi zina shaba ndani yake na shaba inaua konokono na uduvi, halafu mwani ukifa wote kwa mpigo unaozea humohumo, oksijeni inaisha, unashangaa samaki wanahema juu ya maji.

Tuanze na taa. Kuamka mpaka kulala ni kama saa 16, hiyo ni karamu ya mwani! Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha kabisa, tafuta taima iwashe na kuzima yenyewe, na kama jua la dirishani linapiga tangi, lizibe.

Ila kinachoniuma zaidi ni hiyo filta. Ile sponji chafu ndiyo nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti na baadae naitreti ambayo mimea inakula, sasa ukiiosha kwa maji ya bomba yenye klorini (dawa ya kuua vijidudu) unawaua, kila wiki tangi lako linaanza upya kama jipya na mwani unapenda sana tangi la namna hiyo. Ikamue mara mbili tatu kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, ibaki na rangi yake ya kahawia, usiogope. Maji badilisha theluthi moja tu kwa wiki, na yale mapya yatoe klorini kwanza.

Hizo nyuzi, chukua mswaki wa zamani, uchomeke katikati yake, zungusha taratibu kama unakunja uzi kwenye kijiti, utaona linatoka fundo zima linaloteleza. Fanya hivyo kabla ya kutoa maji ili vipande vilivyokatika vitoke nayo. Majani yaliyofunikwa kabisa kata, hayaponi.

Kisha ongeza mimea inayokua haraka, mfano Ceratophyllum, unaiachia tu ielee na inagombania chakula na mwani. Chakula cha samaki kiishe ndani ya dakika mbili. Uduvi wa Amano wanasaidia sana kula nyuzi changa, ila walete mambo yakishatulia.

Jipe wiki tatu mpaka sita, na angalia majani mapya yanayochipua, siyo ya zamani. Yakitoka safi ujue umeshaushinda mwani.