Kona ya Kushonea Iliyojaa: Kupunguza Vitu Bila Kupoteza Malighafi

SWALI

Ndugu mtaalamu, salamu. Ninaishi Tabata Segerea pamoja na mume wangu na watoto wawili katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule, na kazi yangu ni kushona nguo na kutengeneza batiki. Kona yangu ya sebuleni imejaa viroba vya mabaki ya vitambaa, patani za karatasi, makopo ya rangi na dawa zake, nguo za wateja ambao hawajarudi, risiti, pamoja na sanduku la bati lenye khanga za marehemu mama. Kila mwisho wa wiki ninapanga, na ikifika Jumatano hali imerudi palepale. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kwa muda mrefu sijabuni mchoro wangu mwenyewe. Ninaiga ya kwenye simu tu. Nianzie wapi? Vitambaa nivihifadhije ili masika isivijaze ukungu, na karatasi zipi ninaweza kuzitupa?

Msomaji, Tabata

JIBU

Dada yangu, pole na kazi. Kwa jinsi ulivyoeleza, unapanga sana lakini huamui. Kiroba unachokisogeza nyuma ya kochi Jumamosi hakijaamuliwa kitatumika kwa kazi gani, kwa hiyo Jumatano unapotafuta kipande cha kuwekea mfuko wa shati, kinafunguliwa, kinamwagwa chini, na kinabaki hapo kwa sababu hakina pa kurudi. Kila kitu ambacho hakijaamuliwa kinakudai uamuzi upya kila unapokiona, na uamuzi huo unaufanya kwa akili ileile ambayo ungeitumia kuchora.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2011 Stephanie McMains na Sabine Kastner wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kwa vipimo vya ubongo kwamba vitu vingi vikiwa mbele ya macho kwa wakati mmoja hushindania nafasi katika sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona. Hata hivyo, usiharakishe kusafisha kila kitu mpaka sebule ifanane na ukumbi wa benki, kwa sababu mwaka 2013 Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha utafiti ambao washiriki waliokaa katika chumba kilichovurugika walitoa mawazo ya kibunifu zaidi, walipoulizwa matumizi mapya ya mipira ya tenisi ya mezani, kuliko wale waliokaa katika chumba nadhifu. Mimi sioni mgongano kati ya matokeo hayo mawili. Vurugu ya kazi inayoendelea, yaani vitambaa vya oda ya leo vikiwa vimetandazwa ili uone rangi zinavyokaa pamoja, ni sehemu ya ubunifu. Mrundikano wa kazi zilizokufa ndio unaoziba njia. Lengo lako liwe kuondoa hizo zilizokufa, na ile vurugu ya kazi hai uiachie nafasi yake.

Kwa sababu hiyo, ninakushauri uanze na mahali pa kufanyia kazi kabla ya kugusa kiroba hata kimoja. Ondoa kila kitu juu ya meza ya kukatia, kiweke chumbani kwa muda, kisha amua meza itakaa wapi kwa kufuata mwanga na upepo. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, na katika miezi inayobaki hupita upande wa kusini. Dirisha linalotazama kusini hukupa mwanga tulivu, usio na jua la moja kwa moja, kwa sehemu kubwa ya mwaka, na huo ndio mwanga unaofaa kulinganishia rangi za batiki. (Vitabu vya ushauri vilivyoandikwa Ulaya husisitiza dirisha la kaskazini, na huko ni sahihi, hapa kwetu ushauri huo usiufuate.) Ikiwa sebule yako ina madirisha ya mashariki na magharibi pekee, weka meza ubavuni mwa lile la mashariki na utundike pazia jepesi jeupe kwa ajili ya asubuhi, kwani jua la alasiri la magharibi hupausha rangi na kukupasha joto wakati umechoka. Kimo cha sentimita 90 hivi kinawafaa wengi kukatia wakiwa wamesimama. Kwa kuwa nyumba ni ya kupanga, usitoboe ukuta kabla ya kuongea na mwenye nyumba. Ubao uliolazwa juu ya farasi wawili wa mbao, yaani stendi za miguu minne za mafundi seremala, unatosha, na usiku unaweza kuusimamisha ukutani watoto wapate pa kukaa.

Meza ikishapata mahali pake, ndipo vitu virudi, kimoja kimoja, na kila kinachorudi kiwe na sababu. Mfumo huu huenda umewahi kuuona umebandikwa kwenye kuta za hospitali: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Chimbuko lake ni viwanda vya Japani, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kuutumia. Hatua ya kwanza, yaani kutenga kinachohitajika na kisichohitajika, ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo unayoiruka kila Jumamosi. Viwandani, kitu chenye utata hufungwa alama nyekundu yenye tarehe na kuwekwa kando. Kikipita muda uliopangwa bila mtu kukihitaji, kinaondoka. Kwa kazi yako muda wa miezi mitatu unatosha, na utepe mwekundu unao.

Mabaki ya vitambaa ndiyo yatakayokupa shida, kwa kuwa fundi haoni takataka katika kitambaa. Usijiulize kama kipande kinaweza kufaa siku moja, maana jibu litakuwa ndiyo daima. Weka kikomo kwa chombo: makapu mawili, moja la pamba na jingine la vitambaa vya kung'aa na vya kunyumbuka, na kinachozidi hapo hakibaki. Kipande kisichotosha mfuko wa shati kiende kwenye kujazia mito. Vipande vya pamba vilivyochakaa vinahitajika kwenye gereji kufutia mafuta. Vile vizuri ambavyo huna mpango navyo wape au wauzie wanaoshona vikoba na mazulia ya viraka. Usichome moto vitambaa vya poliesta uani, kwa maana moshi wake una madhara na hautabaki kwako peke yako.

Umetaja makopo ya rangi na dawa zake kana kwamba ni kitu kidogo. Mimi ningeyaweka mbele ya yote, kwa sababu watu wa batiki huwa na kostiki soda na haidrosulfaiti nyumbani, na vitu hivi viwili havisamehe uzembe katika mji wenye unyevu kama wetu. Kostiki soda hunyonya maji kutoka hewani, huchoma ngozi na macho, na ikikutana na sufuria ya aluminiamu huila na kutoa gesi inayoshika moto. Haidrosulfaiti ikiingia unyevu kidogo hujipasha joto yenyewe, hutoa gesi ya salfa yenye harufu kali inayokaba pumzi, na inaweza kuwaka bila mtu kuleta kiberiti. Kwa hiyo zisikae karibu na viroba vya vitambaa, wala chini ya sinki, wala katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwani mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Kila moja iwe katika chombo chake cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kuzungusha, kimekauka kabisa, jina limeandikwa kwa kalamu isiyofutika, juu ya kimo cha mtoto na mbali na jiko, na kijiko cha kuchotea moja kisiingie katika nyingine. Ukikuta haidrosulfaiti iliyoganda mabonge, usiimwagie maji ndani ya kopo na usiitie kwenye pipa la taka. Itoe nje mahali pakavu penye hewa, mbali na watu, kisha muulize aliyekuuzia namna salama ya kuiondoa. Kuanzia sasa nunua ya kazi moja tu, hata kama debe kubwa lina nafuu ya bei.

Ndoo tupu za uani nazo zifunike au zigeuze, maana mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka hapa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji machache ya mvua yanayotuama kwenye vyombo kama hivyo.

Sasa suala la ukungu. Ukungu huota pale hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu, na katika mji wa pwani kama huu kiwango hicho ni cha kawaida, si wakati wa masika pekee. Pamba hata ikiwa kavu kwa mguso wa mkono bado ina maji ndani yake, hivyo ukiifungia katika mfuko wa nailoni siku ya joto na usiku ukapoa, maji hayo hutoka na kutua juu ya mikunjo. Ukifungua mfuko huo baadaye utakuta madoa meusi madogo yamefuata mstari wa mkunjo, na hayo mara nyingi hayatoki. Anika vitambaa kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huchuja rangi ya batiki, na ukivipiga pasi viache vipoe kabisa kabla ya kuvikunja. Vifunike kwa shuka kuukuu la pamba badala ya nailoni. Rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, kwa ajili ya mchwa na maji ya kudeki, na mgongo wa rafu uache sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite, hasa kama ukuta huo ni wa nje na hunyeshewa.

Wengi hukimbilia vidonge vyeupe vya naftalini. Hivyo hufukuza nondo na havikaushi chochote, na nisingeviweka katika nyumba ambayo watoto wanalala karibu na kabati, kwa sababu kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo adimu katika maeneo yetu yenye malaria, naftalini inaweza kusababisha chembe nyekundu za damu kupasuka. Karafuu ina harufu nzuri, lakini kwa ukungu haisaidii.

Kuhusu karatasi, sitakuchosha. Vyeti halisi vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, pamoja na mkataba wa nyumba, viwe katika bahasha moja isiyopitisha maji. Kumbukumbu za biashara, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, zihifadhiwe kwa miaka isiyopungua 5. Risiti za EFD, yaani mashine za kielektroniki za kodi, huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu na hufifia zikikaa mahali pa moto, kwa hiyo zitoe fotokopi au zipige picha mapema, kabla hazijawa karatasi nyeupe. Patani za karatasi zilizo za wateja wasiorudi zinaweza kwenda. Vipimo vyao viandike daftarini.

Nguo za wateja ni amana, na huwezi kuzitupa wala kuzivaa. Mpigie kila mmoja simu, kisha mtumie ujumbe wenye tarehe ya mwisho ya kuchukua, na uutunze ujumbe huo. Zilizobaki zitoe kwenye kona ya kazi na kuziweka pamoja katika begi moja lenye orodha ya majina. Kwa oda mpya, andika sharti la muda kwenye risiti na upokee malipo ya awali yanayofidia walau uzi na jasho lako. Mteja aliyelipa nusu hurudi.

Nimeliacha sanduku la mama hadi mwisho makusudi, nawe fanya hivyohivyo, kwa kuwa mtu akianza na vitu vya marehemu kazi yote husimama. Halafu usilihesabu pamoja na makorokoro. Umesema unaiga michoro ya kwenye simu, ilhali ndani ya bati hilo kuna pindo na miji ya khanga za miaka mingi, zilizochaguliwa na mwanamke mmoja kwa jicho lake. Toa doti moja kila wiki, itundike mbele ya meza, na uchore kwa penseli sehemu moja tu ya pindo, kisha uibadilishe mpaka isifanane tena na ulikoitoa. Fanya hivyo kwa rangi mbili au tatu, simu ikiwa chumba kingine. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa na vipande vya hadibodi na rangi za kupaka baiskeli, na kwa vifaa hivyo akaanzisha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Uchache wa rangi utakulazimisha kuamua umbo, na naamini umbo ndilo unalolikosa kwa sasa.

Usipange kumaliza yote kwa siku moja. Meza na dawa za batiki zishughulikie wiki hii. Mabaki ya vitambaa yachukue mwisho wa wiki mbili au tatu, mume wako akisaidia kubeba kinachoondoka siku hiyohiyo, kwa sababu kiroba kinachosubiri mlangoni hufunguliwa tena. Kazi ya kuanika ifanye kati ya Juni na Septemba, wakati kusi inavuma na mvua ni chache, au mwezi Januari na Februari kabla masika haijaanza. Vuli ikikukuta katikati ya kazi, funga kwa shuka ulichokwisha kukausha na usubiri.