Kulima mjini: maswali na majibu

Kuna kiwanja kimejaa takataka, mmiliki haonekani. Tupande tu?

Safisheni na mpande, ila jina la mwenye ardhi lijulikane kabla mboga hazijakomaa. New York, mwaka 1973, Liz Christy na wenzake wa kikundi cha Green Guerillas waligeuza kiwanja cha vifusi kuwa bustani. Mwaka uliofuata jiji likawakodisha kwa dola moja kwa mwezi. Ipo hadi leo. Bustani zaidi ya 100 za jiji hilohilo, zilizotegemea vibali vya muda, nusura zipigwe mnada mwaka 1999. Daini mkataba wa miaka, kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti.

Gunia letu la mboga limelowa juu, chini ni kavu. Kwa nini?

Nguzo ya kokoto, inayoshusha maji katikati ya gunia, haifiki chini, au imezibwa na udongo. Mwageni, muanze upya. Changanyeni ndoo 2 za udongo na 1 ya samadi iliyooza (mbichi huunguza mizizi). Simamisheni katikati ya gunia kopo lisilo na kitako wala mfuniko. Ndani kokoto, pembeni udongo. Kopo likijaa, livuteni juu, mrudie hadi karibu na mdomo wa gunia. Ndipo mtoboe ubavuni kwa kupishanisha, kila sentimita 15 hadi 20, tundu lisizidi kidole gumba, la sivyo udongo utamwagika. Maji yamiminwe kwenye kokoto. Yakianza kuchuruzika chini, yanatosha.

Udongo una vipande vya rangi ya zamani. Tuogope?

Ndiyo. Huenda una madini ya risasi, ambayo ni sumu, nayo hayaozi. Pimisheni maabara. Kwa sasa inueni tuta la sentimita 30, udongo uletwe kutoka kwingine, chini mtandike kitambaa kinachopitisha maji. Vumbi ndilo hatari kubwa: osheni majani, menyeni mizizi.

Tutajitosheleza kwa chakula?

Mboga, inawezekana. Nafaka, hapana. Baada ya Umoja wa Kisovyeti, mfadhili wa Kuba, kuvunjika mwaka 1991, matuta ya organoponiko (bustani za mjini za udongo uliochanganywa na mboji) yalilisha mji mkuu, Havana, mboga nyingi, lakini Kuba iliendelea kuagiza mchele na ngano. Anayedai kiwanja kimoja kitamaliza njaa ya mtaa anaiondolea serikali lawama.

Wapita njia wanachuma mboga zetu.

Pandeni safu moja nje ya uzio, iwe yao. Mkifunga kufuli, mwenye ardhi atapata la kusema: hii si bustani ya umma.