Msisome Jina Kabla ya Kulisoma Jiwe

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuorodhesha vito vya kale vya kuchongwa, wiki iliyopita nilipitia kadi kumi na mbili za mwenzenu mmoja, na katika saba kati ya hizo Athena ameshika mkuki kwa mkono wa kushoto, Herakles anainua rungu kwa mkono wa kushoto, na hata Eros, maskini, anavuta upinde kwa mkono usio wake. Ugiriki nzima imekuwa ya mashoto. Ningependa kukasirika, lakini nami nilianza hivyo hivyo, kwa hiyo nitayasema tena.

La kwanza: intalio, yaani kito ambacho picha yake imechimbwa ndani ya jiwe, ni muhuri. Aliyeichonga alichonga kinyume ili chapa itoke sawa, na ndiyo sababu kulia na kushoto huandikwa kwa kuitazama chapa, na kadi ieleze wazi kwamba imeandikwa hivyo. Kameo, ambayo picha yake imeinuka juu ya jiwe, huelezwa kama inavyoonekana.

La pili: liangalieni jiwe mbele ya taa, kwa kuwa mapovu ndani yake humaanisha kioo kilichomiminwa, ingawa kioo peke yake si ushahidi wa ughushi, maana Warumi nao walivitengeneza vito vya kioo kwa wingi. Kwa babu yangu, Mombasa, kila jiwe jekundu la pete lilikuwa akiki, na mwenye kubisha alionyeshwa mlango. Ninyi hamna mamlaka ya babu yangu. Pimeni kwanza, kisha mtaje.

La tatu ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Katika mwaka wangu wa pili kazini nililetewa amethisto yenye urefu wa takriban sentimita nne, safi, isiyo na mkwaruzo. Juu yake Dido, malkia wa Carthage katika hadithi, amepanda kwenye kuni za kujichomea, upanga wa Aeneas, mpenzi aliyemwacha, mkononi, nduguye Anna akimkimbilia kwa mikono iliyonyoshwa. Na pembeni, kwa herufi za Kigiriki ndogo zilizopangwa kama shanga, limeandikwa jina la Pyrgoteles. Mnajua alivyosimulia Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, kwamba Aleksanda Mkuu alitoa amri asichongwe kwenye kito na mtu mwingine ila Pyrgoteles, na mnajua kwamba hakuna hata jiwe moja lililothibitika kuwa kazi ya mkono wake. Mimi nilikuwa nimelishika. Kwa wiki tatu nilifunga mlango, nikaandika kurasa sita, nikalinganisha nywele za Dido na nywele za Aleksanda kwenye sarafu, na mahali ambapo kekee ilikuwa imeteleza kidogo kwenye pindo la vazi nikapaandikia aya nzima kuhusu ujasiri wa fundi mkuu. Nilimpigia simu mama nikamwambia ajiandae kuniona magazetini. Akaniuliza jiwe lenyewe linavaliwa kidole gani.

Mama mtu mzima aliyekuwa akitusimamia alizisoma kurasa zote bila kuinua kichwa, kisha akauliza swali moja: "Huyu Pyrgoteles, habari za Dido alizisoma wapi?" Aleksanda alifariki mwaka 323 KK. Virgil, mshairi wa Roma ambaye utenzi wake ndio uliompa Dido upanga ule wa Aeneas juu ya kuni zile, alifariki mwaka 19 KK. Nilikuwa nimemfanya mchongaji wa Aleksanda asome utenzi uliotungwa miaka mia tatu baada yake, na sikuwa nimeona ajabu yoyote. Mama yule hakucheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alivuta droo ya nakala za plasta, akapitisha kidole juu ya safu nyeupe, akakisimamisha: Dido yule yule, Anna yule yule, na kekee imeteleza pale pale kwenye pindo.

Lilikuwa jiwe kutoka mkusanyo wa Mwanamfalme Poniatowski. Mwanamfalme huyo, mpwa wa mfalme wa mwisho wa Poland, alikusanya vito takriban 2,500, vingi vikiwa vimechongwa na mafundi wa Roma wa zama zake na kutiwa majina ya mabingwa wa kale. Baada ya kifo chake mwaka 1833 viliuzwa London, mwaka 1839, na mnunuzi mkubwa, John Tyrrell, alichukua zaidi ya elfu moja kabla sifa yake na ya vito hivyo kuzama pamoja. Dalili za vito hivyo mnazijua: jiwe kubwa kupita desturi, watu wengi katika tukio moja, uso usiochakaa, na kisa kinachofuata washairi mstari kwa mstari. Msividharau, kwa kuwa mikono iliyovichonga ilikuwa mikono hodari. Kilichoghushiwa ni majina na umri. Mimi nilisoma jina kwanza, na tangu hapo macho yangu yalifanya kazi ya kulitetea.

Kadi niliyoiandika upya ilikuwa na mistari minne, wa kwanza ukisema "Italia, mwanzoni mwa karne ya 19". Mama yangu bado huniuliza yale magazeti yako wapi.

La nne ni fupi: Athena arudishiwe mkuki wake katika mkono wa kulia kabla ya Jumatatu.