Daktari wa Wanyama Anajibu: Paka anapokataa kidonge, na siku 75 bado ziko mbele

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Leicester, Uingereza, ninakoishi na familia yangu. Paka wetu Kashata, jike wa miezi minane, alianza kunyong'onyea mwezi uliopita, akapata homa isiyosikia antibiotiki, kisha tumbo likamfura kama mwenye mimba huku mgongo ukibaki mifupa mitupu. Daktari wa hapa alimtoa majimaji ya manjano yenye kunata kama ute wa yai, akampima, akatuambia kuwa ana FIP, ugonjwa unaotokana na virusi vya korona vya paka. Ametupa vidonge vya GS-441524, robo tatu ya kidonge mara moja kwa siku, kwa muda wa siku 84. Leo ni siku ya tisa. Tumbo limepungua na ameanza kula, lakini kumpa dawa kumekuwa vita. Ninamviringisha kwa kanga, anaitoboa kwa makucha. Nikifanikiwa kumtia kidonge, anatoa povu mdomoni, na juzi nilipofagia niliokota vipande viwili nyuma ya kochi. Nilijaribu kukisaga na kukichanganya na samaki, na sasa hata samaki mwenyewe hamtaki. Akisikia tu kopo la dawa likifunguliwa, anakimbilia chini ya kitanda. Mume wangu anauliza kama hatumtesi bure kiumbe huyu. Nifanye nini?

JIBU: Dada, nianze na swali la mumeo, maana ndilo zito kuliko yote. Hamumtesi bure. Ugonjwa huu ulielezwa na Jean Holzworth huko Boston, Marekani, mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka 50 baada ya hapo haukuwa na tiba ya kutegemewa. Nilipoanza kazi hii, paka akiletwa na tumbo la namna hiyo, mwenye paka ndiye niliyempa pole, kwa sababu paka mwenyewe sikuwa na cha kumpa. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa taarifa ya paka 31 waliotibiwa kwa dawa hiyo hiyo anayopewa Kashata, na 25 kati yao waliendelea kuishi. Huko mliko madaktari wa mifugo wanaruhusiwa kuiandika tangu mwaka 2021. Katika utafiti mwingine, paka 307 waliotibiwa kwa GS-441524 au remdesiviri, dawa ndugu yake, kati ya mwaka 2020 na 2022 walifuatiliwa, na karibu 89 katika kila 100 walikuwa hai kipindi cha tiba kilipomalizika. Nimeyataja haya ili mumeo ajue kwamba dakika moja ya purukushani kila siku ina sababu kubwa nyuma yake. Kazi iliyobaki ni kuifanya dakika hiyo iwe fupi na isiyo na hofu.

Ni vizuri pia ujue dawa inafanya nini, kwa kuwa ukishajua hilo utaona mwenyewe kwa nini nina wasiwasi zaidi na vile vipande vya nyuma ya kochi kuliko na lile povu. Kirusi cha FIP huingia katika aina fulani ya chembe nyeupe za damu na kujinakili humo. Dawa hii imeundwa ifanane na mojawapo ya matofali ambayo kirusi hutumia kujijenga. Kikiliokota tofali hilo la bandia, ujenzi unakwama. Lakini lazima dawa iwemo mwilini wakati wote. Siku ambayo kidonge kimetemwa, kirusi hupata nafasi ya kuzaana tena, na kikizoea kupata dawa pungufu kinaweza kuwa sugu. Kwa hiyo mpigie simu daktari wako leo, umweleze bila kuficha kwamba huenda dozi mbili hazikufika tumboni. Usizifidie mwenyewe kwa kumpa dozi maradufu. Lile povu, kwa upande wake, ni mate tu yanayotoka kwa sababu ya uchungu wa dawa iliyoyeyukia kwenye ulimi, wala si dalili ya sumu.

Jambo la pili ni chakula, na hapa nakuomba unisikilize sana. Usichanganye tena dawa na mlo wake. Paka mgonjwa hula kwa kusitasita, na akigundua mara moja tu kwamba samaki wake ana uchungu, humsusa samaki huyo kwa majuma. Isitoshe, paka asiyekula kwa siku chache mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba, na hapo utakuwa na maradhi mawili badala ya moja. Tena akiacha nusu ya bakuli, hutajua amemeza kiasi gani cha dawa. Mrudishie chakula chake kikiwa chakula tu, umwekee chumba kingine kabisa, mbali na mahali unapompa kidonge. Kama utampikia kuku, usitie chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa sababu vitunguu huharibu damu ya paka.

Sasa tuje kwenye kidonge chenyewe. Kanga ni nyepesi mno kwa kazi hii. Chukua taulo nene la kuogea, ulitandaze juu ya meza, umweke Kashata katikati akiwa amekupa mgongo, kisha umviringishe kama mtoto mchanga anayetoka kuogeshwa, shingo ikibanwa kwa upole na miguu yote minne ikiwa ndani. Kabla ya kumchukua, hakikisha kila kitu kiko tayari mezani: kipande cha kidonge kilichokwisha katwa na kupakwa siagi kidogo sana ili kiteleze, na sirinji isiyo na sindano yenye maji ya kawaida mililita tatu hadi tano. Kata vipande mapema, wakati amelala chumba kingine, ili mlio wa kopo usiwe tena kengele ya kumkimbiza.

Kama mkono wako wa kulia ndio wenye nguvu, weka wa kushoto juu ya kichwa chake, kidole gumba upande mmoja wa mfupa wa shavu na kidole cha shahada upande wa pili, bila kuzikandamiza sharubu. Inua pua taratibu hadi ielekee darini. Utaona taya la chini likilegea lenyewe. Shika kidonge kati ya gumba na shahada ya mkono wa kulia, na kwa kidole cha kati ushushe taya hilo ukigusa vile vimeno vidogo vya mbele. Angalia ulimi: unapoinuka kuelekea kooni kuna kama kibonde katikati. Dondosha kidonge nyuma ya kibonde hicho, mbali kadiri uwezavyo, kwa sababu kikianguka mbele ataking'ata, atasikia uchungu na kukitema. Funga mdomo, rudisha kichwa kiwe sawa, umpapase koo. Subiri alambe pua. Paka akilamba pua ujue amemeza. Asipolamba, huenda amekificha shavuni, na hicho ndicho kinachoishia nyuma ya kochi. Hapo hapo mpe yale maji kwa sirinji, ukiiingiza pembeni ya mdomo, nyuma ya jino la chonge, kidogo kidogo, kichwa kikiwa sawa wala kisielekee juu, ili maji yasiingie mapafuni. Maji hayo watu wengi huyaruka, na ni kosa, kwani kidonge kikavu kinaweza kukwama katika umio la paka na kulichoma. Antibiotiki ya doksisaiklini inajulikana sana kwa madhara hayo.

Ukijaribu mara mbili ikashindikana, mwachie. Mpe nusu saa apumzike, kisha urudi. Paka aliyekwisha kupandwa na hasira hashindwi kwa nguvu. Ukiweza, mumeo akushikie taulo na wewe ushughulike na mdomo tu, na mkimaliza mpeni kitu anachokipenda sana ambacho hakipati saa nyingine yoyote. Fanyeni hivyo saa ile ile kila siku. Kama baada ya juma moja bado ni vita, mwombe daktari akuandikie dawa hiyo ikiwa ya maji. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, angalia kama kidonge kimo katika matapishi, kisha umuulize daktari kabla ya kumrudishia.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja nami naliona kubwa: mizani. Dozi huhesabiwa kwa uzito, na paka mchanga anayepona hunenepa upesi. Robo tatu ya kidonge iliyomtosha siku ya kwanza inaweza kuwa pungufu siku ya thelathini. Mpime kila juma kwa mizani ya jikoni au ya mtoto, uandike gramu, na umpelekee daktari tarakimu hizo abadilishe dozi. Andika pia anavyokula na anavyocheza. Ukimwona anayumba, anatetemeka, au jicho limebadilika rangi, usisubiri miadi, maana ugonjwa ukifika kwenye ubongo au macho dozi hupandishwa. Wala usimwachishe dawa kwa sababu tu anaruka madirishani kama zamani. Daktari ndiye atakayesema basi, baada ya kuangalia damu yake, na baada ya hapo mtaendelea kumtazama kwa karibu kwa wiki 12 nyingine.

SWALI: Mimi ninaishi Mombasa na nina paka watano. Nilisoma kwamba huko Cyprus paka walitibiwa kwa dawa ya binadamu ya korona. Je, ninaweza kumpa paka wangu mwenye dalili za FIP vidonge kama hivyo?

JIBU: Ulichosoma ni kweli. Mwaka 2023 FIP ilienea sana miongoni mwa paka wa kisiwa hicho, na mwezi Agosti serikali ikaruhusu dawa zilizobaki akibani za kutibu Covid-19 zitumike kwa paka. Dawa yenyewe inaitwa molnupiravira, na madaktari wa mifugo huitumia pale GS-441524 inapokosekana au inaposhindwa. Lakini kapsuli ya binadamu ina miligramu 200, na paka wa kilo tatu huhitaji sehemu ndogo tu ya hiyo kwa kila dozi. Kuifungua kapsuli nyumbani na kugawa unga wake kwa macho ni kumhatarisha, kwani ikizidi hupunguza chembe nyeupe za damu. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo athibitishe ugonjwa, kwa kuwa tumbo kujaa maji kuna sababu nyingine pia, kisha dozi ipimwe na mfamasia kwa mizani yake. Wakati unasubiri, usimpe Panadol kwa ajili ya homa; hata nusu ya kidonge yaweza kumuua paka. Ukishaandikiwa molnupiravira, vaa glavu kila unapoishika, usiisage, na kama una mimba au unanyonyesha, mwachie mtu mwingine wa nyumbani kazi ya kuitoa.